Jumamosi ya kujidekeza na pesa ni moja: saluni, masaji ama kukaa nyumbani na vijiti vya kuku vya Kithai?

nyar_nam (Kisumu)

Wadada mko poa? Naleta hii hapa juu kwa grupu yetu ya WhatsApp tumeongea mpaka tukachoka na bado hatujaelewana. Tuko wanne, marafiki wa kutoka chuo, na kila mwisho wa mwezi kila mtu anatoa 1,500 tunajidekeza siku moja, hakuna watoto, hakuna mzee, hakuna mambo ya chama. Mwezi huu mmoja anataka saluni, jeli kwa mikono na pedikyua ya nguvu, mwingine anasema mgongo umemuisha anataka masaji, na mimi nataka tukae kwangu Mamboleo kwa veranda, tupakane maski kwa uso, tuweke muvi, alafu tujipikie kitu ya Kithai ya kuanzia, zile vitu ndogo za kula na mkono mkipiga stori. Yule wa nne anasema yeye popote tutaenda yuko.

Swali langu ni mbili kwa moja. Kwa 6,000 ya watu wanne, ni gani inakupatia raha kamili? Na kama ni nyumbani, mngepika gani kati ya kuku wa vijiti na sosi ya njugu, vikeki vya samaki, ama ile saladi ya papai bichi ya kutwangwa? Tafadhali msiniambie inategemea, nataka mtu aniambie yeye angechagua gani na kwa nini.

mama_tee_naks (Nakuru)

Saluni, na sifikirii mara mbili. Mwanamke akikaa kwake hapumziki mami, hata ukiwaambia leo ni siku yangu bado macho inaona sinki, inaona nguo kwa kamba, mgeni anauliza chumvi iko wapi na ni wewe unasimama. Kujidekeza kwangu mimi ni kutumikiwa. Nikikaa kwa ile kiti, miguu kwa maji moto, mtu ananisugua visigino polepole na hakuna mtu ananiita mama, nikitoka hapo nasikia nimekuwa mtu tena. Na sisi huku Nakuru baridi ya asubuhi ikikutana na vumbi miguu inapasuka, kwa hivyo pedikyua usiniambie ni maringo.

Nikimaliza napitia kwa wale wa maua nachukua fungu la waridi, zile za Naivasha zinauzwa kando ya barabara bei nzuri kabisa, naweka karibu na kitanda. Sijangoja mtu aniletee, nimejinunulia mwenyewe, na jioni naoga maji moto nikiziangalia. Kwa chakula siwezi kukusaidia sana, lakini kama lazima mpike chagua ile haina sufuria nyingi.

anti_wa_kakamega

Kwani masaji mnaiacha hivi hivi? Mtu anakaa kwa kompyuta siku nzima ama anabeba mtoto mgongoni, mabega yamekuwa mawe, alafu mnampeleka kupakwa rangi ya kucha? Mimi ningeenda masaji ya mwili mzima, saa moja, mafuta yenye harufu nzuri, simu imezimwa. Kucha zitaonekana na watu wote lakini huo mgongo unaujua wewe peke yako.

kucha_na_stori (Kisumu, Kondele)

Hii ndio kazi yangu kwa hivyo wacha niongee upande wa kucha vizuri, juu naona watu wanalipa bila kujua wanalipia nini.

Kutex ya kawaida inakauka kwa hewa, ukiosha vyombo siku mbili tatu inaanza kubanduka, lakini ni bei rahisi na unaitoa na pamba tu. Jeli inawekwa chini ya taa ndio ikauke, ikifanywa vizuri inakaa kama wiki mbili iking'aa. Kuitoa unaloweka na asetoni dakika 10 mpaka 15, pamba ndani ya foili, alafu inasukumwa taratibu. Usiibandue na meno ama na kucha ingine, inatoka na tabaka la kucha yako mwenyewe, ndio baadaye mtu anasema jeli imeniharibu kucha na kumbe ni kule kubandua. Kitu ingine, fundi akikupaka jeli ikagusa ngozi lazima aifute kabla ya taa. Zile kemikali za akrilati zikigusa ngozi kila mara zikiwa mbichi unaweza kupata aleji, vidole vinawasha vinachubuka, na aleji hiyo ikishaingia huwa haitoki, utakaa nayo.

Akriliki ni ule unga na maji yake, hiyo ni ya mtu anataka urefu na shepu, na kila baada ya wiki mbili tatu unarudi kujaziwa. Uliza kabisa wanatumia maji gani. Kuna ya EMA na kuna ya MMA, na hii ya MMA ni rahisi kwa fundi lakini ikikauka ni ngumu sana, hata asetoni haiishiki vizuri, na ukigonga kucha mahali inaweza kung'oka pamoja na kucha yako. Harufu yake kali itakuambia.

Mimi kwa mtu anapika kila siku nampa jeli kwa kucha zake mwenyewe, fupi, ya duara. Na nyar_nam kama unawaza mambo ya kuku wa Kithai, hiyo ina manjano. Manjano inashika jeli ya rangi nyeupe ama ile nyudi, ya rangi ya ngozi, hadi unaona kucha zimekuwa njano kabisa na hazioshwi. Kwa hivyo pika kwanza, kucha baadaye, ama chukua maruni, nyekundu nzito, kijani ya chupa.

nekesa_wa_busia

Yawa hatimaye thredi yangu imefika. Kuku wa vijiti, bila kubishana. Hiyo ndio inaitwa satay, asili yake ni Java kule Indonesia, Wathai wakaichukua wakaitia mambo yao, na sisi watu wa huku tuna kila kitu inahitaji. Njugu tuko nazo, mchaichai uko nyuma ya nyumba, dania, tangawizi, pilipili, ukwaju ule mama zetu walitia kwa uji wa wimbi, na badala ya ile sukari yao ya mnazi unatumia sukari nguru kutoka upande wa Malava. Kitu ya kununua kwa supamaketi ni tui tu, na hata hiyo ukipata nazi sokoni unakuna mwenyewe.

Vile nafanya, kilo moja ya kuku bila mfupa, na nakwambia chukua paja, kifua kinakauka haraka kwa makaa. Kata vipande virefu vyembamba, upana wa vidole viwili. Twanga mabua mawili ya mchaichai, ile sehemu nyeupe ya chini pekee, na punje nne tano za kitunguu saumu na kipande cha tangawizi. Changanya na kikombe kimoja cha tui, kijiko cha chai kimoja cha manjano, vijiko viwili vya chai vya mbegu za dania ambazo umekaanga kavu ukasaga, kijiko kikubwa cha nguru iliyokunwa, na chumvi. Kuku aingie hapo, kwa friji, saa mbili ndio kidogo kabisa, nne ni nzuri zaidi. Vijiti vya mbao loweka kwa maji nusu saa visishike moto. Makaa yakishakuwa mekundu bila ndimi za moto unachoma dakika tatu nne kila upande, ukipakapaka tui safi na brashi ama na bua la mchaichai lililopondwa kichwa, harufu yake majirani watauliza.

Sosi sasa, hapo ndio moyo wa mambo yote. Njugu kikombe kimoja na nusu, kaanga polepole mpaka ngozi itoke, peta, saga lakini usiifanye laini kama siagi, ibaki na chembe. Kwa sufuria kaanga kitunguu kidogo, saumu, pilipili nyekundu kavu iliyotwangwa, weka tui kikombe kimoja, njugu, vijiko viwili vya maji ya ukwaju mazito, nguru, soya sosi kidogo. Moto mdogo, koroga, dakika 10 hivi mpaka uone mafuta mekundu yanaelea juu. Onja. Lazima usikie tamu, chachu, chumvi na pilipili zote kwa mdomo mmoja, ikikosa moja ongeza hiyo. Hapo ndio Wathai wanakaa kabisa, hawaachi ladha moja itawale.

Na tafadhali chagua njugu kwa mkono kabla ya kukaanga. Zile zimekunjana, zimekuwa nyeusi ama zina ukungu tupa zote, usihurumie, sumukuvu ya ukungu haiishi kwa kukaanga. Alafu uliza wageni wako kama kuna mtu njugu inamdhuru kabla hujaanza.

mpishi_wa_dunga (Kisumu)

Nekesa nakuheshimu lakini mtu anakaa Kisumu, ziwa liko hapo, alafu anapika kuku? Vikeki vya samaki. Wathai wanaita tod man pla, na kwao ni chakula ya barabarani, unaona mama amekaa na karai la mafuta anavitupa ndani moja moja.

Na mbuta wetu anafaa hii kitu kabisa. Kule Thailand kuna samaki wanapenda sana anaitwa pla kapong, huyo na mbuta ni wa jenasi moja, Lates, nyama yao ni nyeupe imekaza, haisambaratiki. Hata ngege ya mto Nile wanayo kwa wingi, mwaka 1965 Akihito, wakati huo akiwa mwanamfalme wa Japani, alimpelekea mfalme Bhumibol samaki 50, wakazalishwa, wakasambazwa kwa wakulima, leo tilapia ni chakula ya kila siku huko. Mimi nikikumbuka hiyo nasikia raha sana, samaki wa huku kwetu kulisha nchi ingine mbali hivyo.

Nusu kilo ya filei ya mbuta, hakikisha imekauka maji, saga ama twanga na yai moja na vijiko viwili vya lile rojo zito la pilipili nyekundu, yani pilipili kavu iliyolowekwa ikatwangwa na saumu, kitunguu, mchaichai, tangawizi na mizizi ya dania. Mizizi ya dania msitupe jamani, Wathai wanaitumia sana, ina harufu nzito tamu. Sasa siri yake ni kupiga. Unapiga ule mchanganyiko kwa bakuli na mkono, unauinua unaurudisha kwa nguvu, mpaka unanata na kuwa na spring, ndio kikeki kikiiva kinaruka kwa meno, hakivunjiki kama kabab. Tia mishiri iliyokatwa nyembamba sana na majani machanga ya mlimau yaliyokatwa kama uzi. Lowesha mikono, fanya vidogo vya bapa, kaanga mafuta ya kiasi dakika mbili tatu kila upande.

Kwa pesa, filei inaweza kukuuma kidogo lakini ukienda asubuhi kwa mama samaki ukachukua mzima akakutolea nyama, unabaki na kichwa cha supu ya Jumapili.

mama_tee_naks (Nakuru)

Nimesoma zote mbili na nimeona njaa, lakini mpishi wa Dunga hiyo yako ni kutwanga, kupiga, kukaanga, nyumba inanuka mafuta na samaki na hawa wadada wamekuja kupumzika. Na ni nani atapiga hiyo nyama na kucha za jeli?

shiro_58 (Nakuru)

Ndio maana mimi ni wa papai bichi. Hakuna moto kabisa. Saladi hiyo inaitwa som tam, inapendwa sana upande wa Isan, kaskazini mashariki ya Thailand, na ni kinu tu na mchi. Saumu na pilipili mbili zinatwangwa, nguru, limau, soya sosi ama ile sosi ya samaki kama unaipata, nyanya ndogo zinapondwa kidogo zitoe maji, mishiri mibichi, alafu papai bichi iliyokunwa kama nyuzi inaingia mwisho, unaigonga na kuigeuza na kijiko, siyo kuiua. Juu njugu zilizokaangwa. Wao wanaweka kamba wadogo waliokaushwa, mimi naweka omena, ile safi iliyotolewa vichwa, inakaangwa kavu mpaka inavunjika, na aki hiyo omena inabadilisha kila kitu. Inafanya saladi ikuwe na ile chumvi ya ndani ambayo soya pekee haiwezi.

Papai bichi huku Nakuru natafuta lakini nyinyi Kisumu mnazo kwa kila ua, mnazipita tu. Kwa joto yenu ya mchana mimi singewasha makaa, ningekaa chini ya feni na sahani baridi ya kitu chachu chenye pilipili, na maji ya ukwaju yenye barafu.

Kitu moja ya maana, mjamzito asile papai bichi. Ule utomvu mweupe unaweza kuamsha uchungu wa uzazi. Papai iliyoiva vizuri haina hiyo shida.

nyar_nam (Kisumu)

Shiro asante sana kwa hiyo, juu yule wetu wa popote tutaenda yuko na mimba ya miezi mitano na mimi nilikuwa nimeegemea papai kwa sababu ni rahisi. Basi imetoka, siwezi kupika kitu wanakula watatu na mmoja anaangalia.

Na hiyo imenifanya nifikirie masaji tena. Nimeuliza mahali pawili hapa mjini, ile ya mwili mzima inapita 1,500 kwa kila mtu, na pamoja na hivyo kila mtu anaingia chumba chake analala kimya, mnaonana kwa mlango mkitoka. Tunapata mgongo lakini hatujapata siku yetu. Kwa mwenye mimba pia lazima awe mtu amefunzwa hiyo kazi, analazwa kwa upande, si kila mahali wanaweza.

anti_wa_kakamega

Hiyo ya vyumba nakubali ni kweli, masaji ni ya kwenda peke yako, mimi huenda hivyo hivyo peke yangu na ndio napendea. Lakini usimwache huyo wa mgongo bila kitu. Chukua mafuta ya shea ile inatoka kaskazini ya Uganda, yeyusha kidogo kwa mkono, mtu akae kwa kiti ameegemea meza kwa mto, mwingine amkande mabega na shingo dakika kumi na tano, alafu mnabadilishana. Mwenye mimba mkande miguu taratibu akiwa ameinua kwa stuli. Haigharimu kitu na inafaa veranda.

shiro_58 (Nakuru)

Embe bichi basi badala ya papai! Wathai wenyewe wanaifanya, ladha ni ileile ya chachu. Ama tango na karoti. Ila kwa mjamzito omena ikaangwe iive kabisa, na pilipili muulize, wengine kiungulia hakiwaachi.

achi_wa_kibuye

Mimi naomba kuleta upande mwingine. Kujidekeza kwangu ni Kibuye Jumapili asubuhi, kabla jua halijakuwa kali, naenda na 1,000 mfukoni natafuta magauni ya mtumba, skafu za hariri, pajama za satini, na naenda kwa raha yangu, nashika kitambaa, nasikia, naacha, narudi. Nikipata gauni ya hariri ya kweli nasikia kama nimeokota lulu. Alafu nikifika nyumbani inaoshwa na maji baridi, inapigwa pasi, jioni nimekaa nayo na marashi kidogo nyuma ya masikio, nakunywa chai yangu kwa kikombe kizuri ambacho wageni hawapewi. Foronya ya satini pia, kwa wale wenye nywele za asili, nywele hazikatiki usiku vile pamba inazikata.

Ninasema hii juu 1,500 kwa saluni inaisha kwa wiki mbili na gauni bado ninayo. Lakini kwa hii ya nyar_nam ningechagua kuku, na kila mtu avae kitu kizuri. Msikae na tisheti za kulala.

kucha_na_stori (Kisumu, Kondele)

Nyar_nam kwani hujui mafundi wa kucha tunakuja nyumbani? Wateja wangu wengi wa wikendi ni wa hivyo. Nabeba taa, kiti kidogo, beseni la miguu. Wanne kwa jeli mikono pekee ni kama saa tatu, nne hivi kama mnaongea sana, na ukiwa na watu wanne kwa nyumba moja bei inashuka juu fundi hakai akingoja mteja.

Sasa angalia, Nekesa amesema kuku akae kwa viungo saa mbili mpaka nne. Hiyo ndio saa ya kucha! Asubuhi mnakata kuku, mnatwanga, mnaweka manjano, mnaosha mikono vizuri na sabuni na limau, kuku anaenda friji, fundi anaingia. Anapomaliza kuku yuko tayari na hakuna mtu atashika tena nyama mbichi na mikono, mnashika vijiti tu. Vijiti mnatia nyama ile asubuhi asubuhi. Kwa mwenye mimba madirisha yawe wazi, akae karibu na hewa, na akitaka kutex ya kawaida apewe hiyo badala ya jeli.

nekesa_wa_busia

Kucha umeongea kama mtu amekula satay yangu. Ndio, tieni vijiti kabla. Sosi pia pikeni asubuhi, inakaa vizuri na ikilala kidogo inakuwa tamu zaidi, ikigandamana mnaongeza maji moto vijiko viwili mnakoroga. Kitu inabaki ya mwisho ni ajat, kachumbari yao ya pembeni. Siki nusu kikombe, sukari vijiko vitatu, chumvi, inapashwa mpaka sukari iyeyuke, ipoe, alafu tango lililokatwa nyembamba, kitunguu chekundu na pilipili. Hiyo inakata ule uzito wa tui na njugu, bila hiyo mtu anachoka kwa kijiti cha tatu. Vijiti, bakuli ya sosi, bakuli ya ajat, basi. Mama Tee sufuria ni moja.

mama_tee_naks (Nakuru)

Sufuria moja nakubali. Na nani atachoma?

mpishi_wa_dunga (Kisumu)

Kuchoma si kazi, jiko liko veranda hapo hapo mmekaa, mnageuza mkiongea. Mimi nimekubali kuku ashinde siku hii juu ya mambo ya kucha, lakini pilipili yenu tafadhali msiiogope. Watu wanadhani pilipili ilizaliwa Thailand na kumbe ilitoka Amerika, ikaenda Asia na meli za Wareno, ambao walifika Ayutthaya, mji mkuu wa Wathai wa wakati huo, mwaka 1511, na njugu, papai na mahindi pia asili yake ni huko Amerika. Wathai walipokea vitu vya wageni wakavipika mpaka vikawa vyao kabisa. Kwa hivyo usijione unaiga ukitumia nguru ya Malava, ukifanya na kilicho shambani kwako unapika vile wao walipika.

nyar_nam (Kisumu)

Aki nyinyi watu. Nimewapelekea wenzangu hii yote na kwa mara ya kwanza mwezi huu wote wanne wamesema ndio.

Nimechagua nyumbani, lakini si ile nyumbani nilikuwa nayo kichwani mwanzo. Mama Tee maneno yako ya kutumikiwa yaliniingia, nikaona ni kweli ningeshinda nimesimama. Kwa hivyo fundi wa kucha anakuja saa tano, sisi tunakuwa tumemaliza kuku na sosi kabla ya hapo, wote wanne mikono kwa kazi, mmoja atwange, mmoja akate, mmoja achague njugu, mwenye mimba akae kwa kiti atie vijiti. Nimeongea na fundi, wote wanne anafanya 2,800, watatu jeli fupi na mwenye mimba amechagua kutex ya kawaida ya rangi ya plamu. Pedikyua tumeacha, tutaloweka miguu kwa beseni na chumvi na majani ya mchaichai tukingoja zamu. Kuku, njugu, tui, makaa na vitu vidogo nimehesabu haipiti 2,200. Inayobaki ni ya matunda na mkebe wa mafuta ya shea, yule wa mgongo ameshapangiwa foleni ya kwanza. Na vyombo vitaoshwa na mzee wangu akirudi na watoto jioni, amekubali leo asubuhi, na nimemwambia vijiti kumi ni vyake.

Achi, tumekubaliana magauni. Vikeki vya mbuta ni vya mwezi ujao kwa huyo mwingine anakaa karibu na ziwa.

achi_wa_kibuye

Sasa hiyo ndio maneno. Weka kitambaa kizuri kwa meza pia, usiseme ni sisi tu.

anti_wa_kakamega

Nyar_nam kuku akitoka kwa friji asikae veranda na hiyo joto yenu akingoja watu wamalize muvi. Toa vile mnachoma, chache chache. Na yale maji ya viungo yaliyokuwa na nyama mbichi msipake tena kwa nyama iliyoiva.

mama_tee_naks (Nakuru)

Nekesa swali la mwisho. Huku kwangu hakuna mahali pa makaa, nakaa gorofa ya tatu, naweza kutumia oveni? Nimeamua nikitoka saluni Jumamosi najitengenezea za mtu mmoja.

nekesa_wa_busia

Unaweza mami. Washa oveni nyuzi 220 ipate moto kabisa kwanza, panga vijiti juu ya waya na trei chini yake ya kushika mafuta, dakika 12 mpaka 15, geuza mara moja katikati, alafu dakika mbili za mwisho washa moto wa juu pekee ili kingo ziungue kidogo. Ya mtu mmoja chukua robo kilo ya paja. Sosi tengeneza yote tu, inakaa friji siku tatu nne, na kesho yake utaila na viazi vitamu vya kuchemsha.